Vibao vya merikebu ya mfano: gundi isubiri

Kwa mnaounda merikebu za mfano kutoka kwenye seti: msikunje vibao vya ubavuni vikiwa vikavu, vitakatika palepale kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya merikebu. Viloweke kwenye maji ya moto kama nusu saa, uvilaze taratibu juu ya mataruma (mbavu za merikebu), uvibane kwa vibanio vya nguo. Gundi bado! Ubao ulioloana hunywea ukikauka. Ukigundisha mapema, kesho utakuta mianya. Hapa Entebbe, msimu wa mvua na unyevu huu wa ziwani, mimi huviacha siku mbili nzima. Kisha bandika kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa zamu. Merikebu yangu ya kwanza nilimaliza upande mmoja kwanza, mkuku (uti wa chini wa merikebu) ukapinda kama ndizi ya gonja.