Miaka ya Mwisho ya Mbwa au Paka wa Nyumbani: Namna ya Kumtunza na Kumuaga

Uzee wa mnyama haupigi hodi. Mbwa wa umbo kubwa, wale wa kilo 40 na kuendelea, huanza kuzeeka akiwa na miaka 6 au 7. Mbwa mdogo wa kilo 8 anaweza kufika 10 ndipo uzee uanze kuonekana. Paka huhesabiwa mzee kuanzia miaka 11 hivi, na wengi wanaotunzwa vizuri hufika 15 au zaidi. Ndiyo maana paka aliyeletwa nyumbani mtoto akiwa chekechea anaweza kuwapo hadi mtoto huyo anamaliza shule, na ndiyo maana kuondoka kwake kunauma kama kunavyouma.

Madhara mengi ya kipindi hiki hutokana na kungoja. Familia inayopima na kuandika mapema hupata miezi mingi ya nafuu kwa mnyama wao, na siku ya uamuzi haiwakuti wakiwa wamechanganyikiwa usiku wa manane. Vifaa ni vichache: mizani, daftari, chombo cha kupimia maji, na daktari wa mifugo mnayemwamini. Mnyama mzee apelekwe kwake kila miezi 6, hata akionekana mzima.

Daftari la kila mwezi

Anzeni na uzito. Simama kwenye mizani ukiwa umembeba mnyama, kisha simama peke yako, utoe. Kwa mbwa njia hii inatosha. Kwa paka haitoshi, kwa sababu mizani ya watu wazima hukosea kwa gramu mia kadhaa. Tumia mizani ya kupimia watoto wachanga, au muweke kwenye kapu juu ya mizani ya jikoni yenye uwezo wa kubeba kilo zake. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400 amepoteza asilimia 10 ya mwili wake, na kwa macho hutaona kitu kwa sababu manyoya yanaficha. Akikonda huku anakula kwa pupa, mara nyingi ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au kisukari. Yote mawili hutibika, na yakiachwa yote mawili humuua polepole.

Maji nayo yapimwe. Asubuhi jaza bakuli kwa kiasi unachokijua, na baada ya saa 24 pima yaliyobaki. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake ana tatizo. Kwa paka kikomo ni kama mililita 50 kwa kilo. Sababu za kawaida ni figo na kisukari. Kwa mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi kuna sababu nyingine ya hatari: usaha ndani ya mji wa mimba, ambao hujitokeza wiki chache baada ya joto lake, yaani kipindi cha kutaka dume. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo. Kamwe usimnyime maji ili apunguze kukojoa ndani. Figo iliyochoka haiwezi kubana mkojo, na mnyama asiyepata maji ya kufidia atakauka kwa siku moja tu.

Jambo la tatu ni pumzi. Akiwa amelala fofofo, hesabu kifua kinavyoinuka kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Ikizidi 30 siku baada ya siku, moyo au mapafu yachunguzwe. Ukiwa hapo inua mdomo uone fizi: ziwe za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa mzee aliyeanguka ghafla na fizi zake zimekuwa nyeupe huenda anavuja damu tumboni, msingoje kukuche.

Maumivu yanayoitwa uzee

Hapa ndipo wanyama wengi hunyimwa haki yao. Watu husema "amezeeka tu, amekuwa mvivu", kumbe viungo vinamuuma. Mbwa na paka hawalii kwa maumivu ya muda mrefu, wanapunguza maisha. Mbwa huchelewa kuinuka, hubaki nyuma matembezini, hulamba kiungo kimoja hadi manyoya yanabadilika rangi, huhema wakati hakuna joto. Paka ndiye mgumu zaidi kusomeka. Anaacha kuruka kwa mara moja na kupitia kitini kwanza, manyoya ya mgongoni yanashikana kwa sababu hawezi kujipinda ajilambe, anajisaidia pembeni mwa sanduku la mchanga kwa sababu ukingo wake ni mrefu. Kukoroma kwa raha nako kusiwahadae: paka hukoroma hata akiwa na maumivu makali.

Mpige picha ya video akipanda ngazi au akiinuka asubuhi, umwonyeshe daktari. Kwenye meza ya kliniki hofu humfanya asimame imara, na ulemavu unaouona nyumbani hauonekani.

Dawa zipo na zinasaidia sana, ila ziwe za mnyama. Paracetamol, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja na damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Ibuprofen hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin humtia paka degedege. Na unapompa paka kidonge, kifuatishe na mililita 5 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole, pembeni mwa mdomo. Kidonge kilichokwama kooni huchoma na kuacha kovu.

Kuirekebisha nyumba

Sakafu yenye kuteleza humwangusha mbwa mwenye viungo vibovu, na akianguka mara mbili huogopa kwenda hata kwenye chakula chake. Tandika mikeka yenye mpira chini kutoka anapolala hadi kwenye bakuli na mlangoni, bila kuacha mapengo. Godoro lake liwe na unene wa sentimita 8 hadi 10. Badala ya matembezi ya nusu saa mara moja, mtoe mara tatu kwa dakika 10. Kiungo kisichotumika hukaza, na kinachotumika kupita kiasi huvimba.

Kwa paka, kata upande mmoja wa sanduku la mchanga ubaki na kimo cha sentimita 7 hivi, na liwepo sanduku kila ghorofa anayotumia. Kagua kucha kila wiki 2 hadi 4. Paka mzee hazinoi tena, zinajikunja na kuingia kwenye nyama ya unyayo.

Aliyepungua kuona apate taa hafifu usiku, na msihamishe samani. Anayezunguka usiku, anayetazama ukuta au kusubiri upande wa bawaba za mlango huenda ubongo wake umechoka kwa uzee. Daktari kwanza aondoe uwezekano wa maumivu na shinikizo la damu, kisha ratiba isiyobadilika itamsaidia kuliko kukemewa. Asiyeweza kuinuka ageuzwe ubavu kila saa 4, la sivyo vidonda vitatokea nyongani na kwenye viwiko.

Mambo mengine matatu hayangoji miadi: paka dume anayejikamua mkojo usitoke, mbwa aliyevimba tumbo anayetaka kutapika bila kutoa kitu, na paka aliyekataa chakula kwa siku 2. Huyo wa mwisho mafuta hujaa kwenye ini lake, na akiwa mnene ndivyo hatari inavyokua.

Kujua wakati umefika

Swali hili huigawa familia. Mmoja anaona mateso, mwingine anaona mkia bado unatikisika. Njia nzuri ya kuzungumza bila kuumizana ni kupima pamoja. Daktari wa mifugo wa Marekani Alice Villalobos aliandaa kipimo cha mambo saba: maumivu (pamoja na kupumua), kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, na 10 ndiyo hali bora. Jumla ikizidi 35, maisha bado yanavumilika. Kila mtu mzima nyumbani aandike zake peke yake kabla ya kulinganisha, na mrudie kila wiki. Tunashauri pia msiitegemee jumla pekee: mnyama asiyeweza kupumua vizuri hafidiwi na hamu nzuri ya kula.

Kwenye kalenda wekeni alama ya siku njema na siku mbaya. Kumbukumbu ya anayependa huokota siku njema na kuziacha nyingine.

Mkiamua, ulizeni mapema kama daktari anaweza kuja nyumbani, gharama ni zipi, na mwili utakwenda wapi. Lipeni kabla, hakuna anayestahili kusimama kwenye foleni ya malipo baada ya hapo.

Siku yenyewe, kwa kawaida hutangulia sindano ya usingizi. Mnyama hulegea kwa dakika 5 hadi 15. Kisha dawa, mara nyingi pentobarbital, huingizwa kwenye mshipa. Fahamu hupotea ndani ya sekunde, na moyo husimama baada ya dakika chache. Macho hubaki wazi. Mkojo unaweza kutoka, misuli kutetemeka, au kifua kuvuta pumzi moja au mbili baada ya moyo kusimama. Hajisikii tena wakati huo, na anayejua hilo mapema hataondoka na picha ya kumtesa. Wekeni taulo chini yake.

Mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache, basi mkunjeni miguu mapema. Kama mnaruhusiwa kuzika uani, shimo liwe na kina cha mita 1 au zaidi, mbali na kisima na mkondo wa maji, na mwili ufungwe kwa kitambaa cha pamba bila plastiki. Kina hicho kina sababu: pentobarbital hubaki ndani ya nyama, na mnyama mwingine akifukua na kula anaweza kufa.

Waliobaki

Mtoto aambiwe "amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi". Ukimwambia amelala, ataogopa kulala. Chini ya miaka 5 atauliza tena kesho anarudi lini. Mjibu vile vile, kwa utulivu, kila mara. Wengi huamini hasira yao au kosa lao ndilo lililomuua, kwa hiyo msingoje aulize, mwambieni wazi kwamba si yeye. Akitaka kuaga, aruhusiwe. Asipotaka, asilazimishwe.

Mbwa au paka aliyebaki anaweza kutafuta, kulia usiku au kupunguza chakula kwa wiki kadhaa. Mshikilieni saa zilezile za kula na kutembea. Blanketi la mwenzake lisifuliwe mara moja.

Kuhusu mnyama mwingine, ngojeni hadi kila mtu nyumbani anamtaka huyo mpya kwa ajili yake mwenyewe. Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Na kama nyumba iliwahi kuwa na parvo, ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaoua watoto wa mbwa, kirusi chake hudumu kwenye udongo mwaka mzima au zaidi: osha sakafu kwa sabuni kwanza, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, ibaki imelowa dakika 10. Uani klorini haifui dafu kwa sababu udongo huiua nguvu, hivyo mtoto wa mbwa asikanyage huko hadi amalize chanjo zake, ya mwisho akiwa na wiki 16 au zaidi.