Tafuta Kwanza Kitu Kisicho na Mwenyewe

Nikiitwa kukagua usalama wa biashara, siku ya kwanza sigusi kompyuta. Naomba daftari, kalamu, na yule mtu aliyekaa hapo kazini kuliko wote. Mara nyingi si bosi. Ni mhudumu wa ofisi au mtunza stoo. Tunazunguka naye chumba kwa chumba, na kila tunapokuta kitu chenye waya, kitasa au neno la siri namuuliza: hiki ni cha nani? Akitaja mtu, naandika jina. Akijibu "cha ofisi," naweka nyota.

Nyota hizo ndizo kazi yenyewe. Mlango wa mbele una mlinzi, kompyuta ya hesabu ina mhasibu, na vitu hivyo vikiharibika kuna mtu wa kupiga kelele. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote. Tabu ya ufa huu ni kwamba umefunikwa na kabati, na aliyelisogeza kabati hapo aliacha kazi zamani.

Ukitaka kujikagulia mwenyewe, anza na mzunguko huo, wala usibebe orodha uliyoipata kwa mtu mwingine. Orodha itakuonyesha yale tu uliyotarajia kuyaona. Tazama nyuma ya printa, juu ya kabati, chini ya meza ya mapokezi ambako waya huingia ukutani na hakuna ajuaye unatokea wapi.

Kitu kinachopata nyota karibu kila ninapokwenda ni kinasa cha kamera za ulinzi. Fundi alikuja, akafunga, akamwonyesha bosi picha kwenye simu, akaondoka. Neno la siri bado ni lile la kiwandani. Unaweza kucheka kwamba kifaa cha ulinzi ndicho kilicho wazi, lakini mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera, vinasa na ruta kwa malaki kwa kujaribu tu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, kama 60 hivi. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumiwa kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watu kwenye anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye kamera hawakujua lolote. Kurekebisha ni kazi ya muda mfupi: badilisha neno la siri, sasisha programu ya kifaa, zima njia ya kukifikia kutoka nje kama huihitaji, kisha kiweke kwenye mtandao wake peke yake, mbali na kompyuta za kazi. Printa nayo ni hivyo hivyo. Na ile printa kubwa ya kukodi, kabla hujairudisha, ulizia diski iliyo ndani yake, kwa maana huenda inabeba nakala za kila ulichochapa.

Baada ya vitu, nenda kwa watu walioondoka. Hapa ndipo ninapokaa siku nzima. Chukua orodha ya mishahara ya mwezi huu, iweke mkono wa kushoto. Mkono wa kulia weka orodha ya akaunti kutoka kila mfumo: barua pepe, programu ya hesabu, hifadhi ya mafaili mtandaoni, mlango wa kadi, VPN (njia ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa mbali), hata ukurasa wa kampuni kwenye mitandao ya kijamii. Soma jina kwa jina. Aliye kulia na hayupo kushoto, uliza. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa, ikalipa wadukuzi fidia ya takriban dola milioni 4.4. Mlango walioingilia ulikuwa akaunti ya VPN ambayo haikuwa ikitumika tena, na ambayo neno la siri tu lilitosha kuifungua, bila uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti hiyo ingekuwa kwenye daftari langu ingekuwa na nyota.

Ila usifute kwa pupa. Niliwahi kufuta akaunti ya mtu aliyekwisha kuhama, nikajisifu, na Jumatatu asubuhi ankara hazikutoka hata moja. Kumbe kazi ya kuzitoa kila usiku ilikuwa imewekwa chini ya jina lake. Tangu hapo nazima kwanza, nasubiri mwisho wa mwezi upite ili kazi zote za mwezi zipate nafasi ya kulalamika, ndipo nafuta. Akaunti za kushirikiana, zile za "mapokezi1", zivunje kabisa. Watu wanne wakitumia jina moja, siku pesa ikipotea utakuwa na washukiwa wanne wasio na hatia.

Usiwasahau mafundi wa nje. Wizi wa kadi za benki zipatazo milioni 40 katika maduka ya Target ya Marekani mwaka 2013 ulianzia kwa mkandarasi wa mitambo ya ubaridi, aliyekuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni. Fundi apewe akaunti yake, yenye tarehe ya kufa.

Sasa pesa. Udhaifu wa hapa hauna waya, hivyo wakaguzi wengi wanaupita. Nakaa karibu na mhasibu namwambia: "Tuseme umepata barua pepe kutoka kwa msambazaji wetu wa siku zote, anasema amebadilisha benki, akaunti mpya ni hii. Nionyeshe utakachofanya." Nasisitiza anionyeshe, kwa sababu akinisimulia atanisimulia utaratibu ulioandikwa. Akionyesha, mkono wake unakwenda moja kwa moja kubadilisha namba. Simlaumu, ana malipo mengi na bosi anamharakisha. Utaratibu unaofaa ni huu: badiliko lolote la akaunti ya malipo lithibitishwe kwa kupiga simu, na namba itoke kwenye mkataba wa zamani, isitoke kwenye barua hiyohiyo. Kisha mtu wa pili aidhinishe. Bosi naye afungwe na sheria hiyo, maana barua za ulaghai hupenda kutumia jina lake, na hupenda haraka.

Ukiwa hapo, fungua mipangilio ya barua pepe ya mhasibu na ya bosi, utazame kanuni za kuhamisha ujumbe. Mwizi akishaingia kwenye sanduku la barua huacha kanuni ndogo: kila ujumbe wenye neno "ankara" nakala yake iende kwake, au ufichwe kwenye folda asiyoifungua mtu. Ukibadilisha neno la siri bila kuitoa kanuni hiyo, huenda nakala zikaendelea kwenda kwake.

Kuhusu nakala za akiba, nina swali moja tu: lini mara ya mwisho mlirejesha faili? Si lini mlihifadhi. Nauliza kwa uchungu. Ofisi niliyoihudumia mwenyewe ilikaa miezi minane taa ya diski ikiwaka kijani kila asubuhi, kumbe diski ilikuwa imejaa na hakuna kipya kilichoandikwa. Chagua faili moja ya mwezi uliopita, washa saa, irejeshe kwenye kompyuta nyingine. Nakala moja iwe mahali pengine, na isiyounganishwa na mtandao, kwa sababu programu ya kudai fidia, ile inayofunga mafaili yako mpaka ulipe, hufunga pia diski zote inazoziona.

Masasisho hayana maneno mengi. WannaCry ilikuwa programu ya kudai fidia, na kiraka cha kuizuia, yaani sasisho la kuziba tundu lake, kilitoka Machi 2017. WannaCry ikaja Mei 12. Kompyuta ya Windows 10 iliyobaki kwenye kona ya stoo ilikoma kupewa msaada wa kawaida wa Microsoft Oktoba 14, 2025, kwa hiyo ipandishwe toleo au itolewe mtandaoni.

Nyota zikiwa arobaini, usianze na ya kwanza kwenye ukurasa. Anza na kile ambacho mtu aliye nje anaweza kukifikia leo bila kuvuka kizingiti, kisha kinachogusa pesa, kisha vilivyobaki. Kila nyota nifutayo naandika mahali pake jina la mtu na tarehe. "Idara ya teknolojia" si jina.

Huwa naacha droo ya funguo iwe ya mwisho, kwa kuwa kila ofisi inayo na kila ofisi inaionea aibu. Ya mwisho niliyoimwaga mezani ilitoa funguo 23. Mhudumu alizitambua 17. Zile sita tulitembea nazo tukijaribu mlango mmoja baada ya mwingine. Tano hazikufungua kitu, ya sita ikafungua mlango wa nyuma wa stoo, na hakuna aliyejua nakala zake ziko ngapi wala kwa nani. Kitasa kilibadilishwa mchana uleule. Kipya kilikuja na funguo tatu, na mhudumu akaandika majina matatu.