Bata watatu nyuma ya nyumba: kwa Waafrika Mashariki mnaoishi Lubumbashi

Kwetu Morogoro "kula bata" ni kustarehe. Nilipomwambia mama mwenye lupango (yaani kiwanja chenye nyumba ninamopanga) kwamba nataka kufuga bata watatu pale nyuma, akauliza nitawala lini. Nikamjibu hawaliwi, ni wa kutazama jioni nikitoka kazini. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akasema neno lililonifaa kuliko mengi niliyojifunza baadaye: "Basi anza na udongo."

Mimi nilikuwa nimeanza na bwawa. Nilichimba shimo, nikatandika turubai, nikajaza maji. Wiki ya pili lilikuwa tope linalonuka, na mabuu ya mbu yanacheza humo. Nikalifukia. Bata wa nyumbani anaishi vizuri bila bwawa, ilimradi apate chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa kizima, maana ndivyo anavyosafisha macho na matundu ya pua. Beseni pana la kufulia linatosha. Maji yatachafuka ndani ya saa moja, usishangae. Yabadilishe kila siku na yale machafu mwagia lengalenga (mchicha), utaona yatakavyostawi. Kama kuna kisima ndani ya lupango, beseni likae mbali nacho.

Sasa udongo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ikaanza kuyeyushwa hapa hapa. Lile bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki mnachopiga nacho picha mkifika si pambo. Kwa miongo mingi upepo wa kiangazi unaotoka kusini-mashariki ulisukuma moshi kuelekea kaskazini-magharibi, na upande huo kuna mahali ardhi imebaki uchi hadi leo. Shaba, kobalti, madini ya risasi, hivi vitu haviozi. Kuku huparua juu juu, lakini bata huchomeka mdomo kwenye tope na kulichuja, kwa hiyo anameza udongo mwingi. Risasi aliyoimeza hukaa kwenye mifupa, na nyingine huingia kwenye yai utakalomkaangia mtoto.

Kwa hiyo kabla ya kutoa garanti ya nyumba, uliza lupango ulikuwa nini zamani na kifusi cha kusawazishia uwanja kililetwa kutoka wapi. Ukiwa karibu na kiwanda au barabara ya malori ya madini, au usipopata jibu la kueleweka, fuga bata wako kwa raha ya macho tu, mayai achana nayo. Popote ulipo, chakula weka ndani ya chombo, usimwage chini. Mahali wanaposhinda tandika maranda ya seremala, manene kabisa, uwe unayaondoa yakilowa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka kuwashika. Hilo ni kwa ajili ya udongo, na pia vijidudu vya kinyesi vinavyoumiza tumbo.

Kuhusu aina, utakayemkuta kwa wingi ni yule mwenye uso mwekundu wenye vinundu, ambaye Wafaransa humwita bata wa Barbarie ingawa asili yake ni Amerika ya Kusini. Kwa nyumba za kubanana ndiye anayefaa, kwa sababu hapigi kelele. Dume hufoka kwa pumzi kama tairi linalotoa upepo, jike hulia kidogo tu. Bata weupe wa Peking ni wazuri, ila majike yao yana sauti ya kumwamsha jirani saa kumi alfajiri. Nunua wawili au watatu, kamwe si mmoja, maana bata mpweke huhuzunika na kulia kutwa. Majike watupu wanaishi bila shida. Ukitaka dume, awe mmoja kwa majike wanne au watano, la sivyo atawachosha mpaka wanyonyoke mgongo. (Wakenya, mkielekezwa "nenda Kenya ukanunue", msifungashe mizigo: hiyo ni komini ya hapa mjini, na ina soko.) Chagua mwenye macho makavu, anayetembea bila kuchechemea, na mkundu usio na kinyesi kilichogandamana.

Bata huyu wa Barbarie anaruka, na ukuta wa jirani si kitu kwake. Kata manyoya marefu ya bawa moja tu, ili akiruka apinde. Yale machanga ambayo shina lake bado lina damu yaache. Usiku wafungie kwenye kibanda kikavu chenye wavu mgumu, kwa ajili ya mbwa, panya na binadamu wenzetu. Kila bata apate karibu nusu mita ya mraba ndani, na hewa ipite juu ya vichwa vyao.

Kwenye chakula ndiko wengi wanakowaua bata bila kujua. Mvua za hapa huanza Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Aprili, na kipindi hicho pumba za mahindi na mashudu hushika ukungu upesi. Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Wataalamu walipotaka kuitambua sumu ile, walitumia vifaranga vya bata kuipima, kwa kuwa hao huathirika upesi. Gunia likinuka uvundo, litupe. Usijaribu kulianika ukadhani limepona, sumu haitoki kwa jua. Nunua kidogo kidogo, weka juu ya mbao.

Bukari (ugali) iliyobaki si chakula cha kila siku. Vifaranga hasa wanahitaji vitamini B3 zaidi ya vifaranga vya kuku. Wakikosa, miguu hulegea na kupinda. Ukiwapa chakula cha vifaranga vya kuku, changanya na hamira kavu ya bia au kapenta (dagaa) zilizosagwa ambazo hazina chumvi. Mboga za majani, konokono na kumbikumbi ni sherehe kwao. Parachichi usiwape, ni sumu kwa ndege. Na maji yawe karibu na chakula, maana bata hawezi kumeza pumba kavu.

Juni na Julai hushangaza wanaotoka Dar au Mombasa: tuko kama mita 1,200 juu ya bahari na usiku baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Bata mkubwa hajali akiwa mkavu. Vifaranga ndio wa kuangaliwa. Usiwawekee mbabula (jiko la makaa) ndani ya boksi lililofungwa, moshi wa makaa unaua kimya kimya. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa zinatosha, au, bora zaidi, mwache mama yao awaatamie. Bata wa Barbarie hulalia mayai siku 35, wiki moja zaidi ya bata wengine, kwa hiyo usikate tamaa siku ya 28.

Mwisho, mkataba wako wa kazi. Bata akitunzwa anaweza kuishi miaka minane na zaidi, na wengi wetu hatujui kama tutakuwa hapa mwaka kesho. Kumvusha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka hapa, kunahitaji vibali vya mifugo, na sioni kama kuna dereva wa lori atakayekubali. Nilimwomba mama mwenye lupango anishikie wangu siku nitakayoondoka. Amekubali kwa moyo mweupe, ila bado hajaacha kuuliza uzito wao.