Shafti imechomoka jointi ya ndani? Namna ya kuirudisha ukiwa nyumbani

Umefungua boljointi, kiungo kinachounganisha habu na mkono wa chini, ili ubadilishe mkono huo, ukavuta habu (kitovu cha tairi) nje upate nafasi, mara ukasikia "klak" ndani ya raba inayofunika jointi upande wa giaboksi. Shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya giaboksi tairini, sasa inaning'inia, na raba imenyooka mikunjo yote. Hakuna kilichovunjika. Jointi ya ndani imeachana tu.

Kwenye gari ndogo nyingi zinazovutwa na tairi za mbele, kichwa cha shafti kina miguu mitatu, na kila mguu umevaa rola. Rola hizo huteleza kwenye mifereji mitatu ya kikombe kilichochomekwa giaboksi, ili shafti irefuke na kufupika tairi likipanda na kushuka. Ukiivuta kupita mwisho wa mifereji, zinatoka.

Wengi huminya raba kwa nje na kuisukuma shafti irudi. Wakati mwingine inaingia kweli, lakini tunashauri ufungue raba kila mara. Ndani ya kila rola kuna beringi za sindano nyembamba, na kwenye baadhi ya jointi rola haina klipu, inashikiliwa na ukuta wa kikombe pekee. Ikishatoka nje, inaweza kuvuka mguu wake na sindano zikamwagika kwenye grisi. Sindano moja ikibaki mferejini itasagwa na kuchimba chuma, na hapo utanunua shafti nzima kwa sababu ya klipu moja ya raba uliyokwepa kuikata. Wala usiwashe gari na kuingiza gia kujaribu, maana miguu itagonga mdomo wa kikombe.

Uwanja wa nyumba nyingi za Tanga ni mchanga, na jeki huzama polepole bila kukushtua. Weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya stendi, zuia tairi za nyuma kwa mawe, usiingie chini kabla stendi haijabeba uzito. Miezi ya upepo wa kusi fanyia kazi nyuma ya ukuta na utandike turubai safi, kwa sababu mchanga ndani ya grisi ni msasa.

Kikombe kiache giaboksini. Ukikichomoa, oili itamwagika na sili inaweza kukwaruzika. Futa raba kwanza kwa nje, kata klipu kubwa kwa koleo na bisibisi bapa, kisha rudisha raba nyuma kuelekea tairini. Shika kichwa cha shafti kwa kitambaa ili rola zisidondoke. Toa grisi yote kwa vidole, ukiipapasa kidogo kidogo. Kama rola imetoka, hesabu sindano zake na ulinganishe na rola nzima, idadi lazima iwe sawa. Ikipungua hata moja, itafute mpaka uipate, na kikombe ukimulike kwa tochi hadi chini.

Osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa. Mifereji ikiwa na mng'ao laini, ni sawa. Ukucha ukikwama kwenye shimo au mbonyeo, badilisha jointi. Miguu mitatu inaweza kuingia kwa namna tatu tofauti, hivyo ukiona alama za zamani za usagikaji, irudishe ilipokuwa na uchore mstari wa rangi kwa ajili ya siku nyingine.

Tumia grisi inayouzwa pamoja na raba mpya, kwa kuwa imepimwa kwa jointi hiyo. Nusu ipake kwenye rola na sindano, nusu iweke ndani ya kikombe. Zungusha shafti mpaka rola zikabili mifereji, halafu sukuma habu ndani taratibu, shafti ikiwa imenyooka. Inaingia kwa mkono. Ikihitaji nyundo, rola moja imelala upande, itoe uanze tena.

Kabla ya kubana klipu mpya, ingiza bisibisi butu chini ya mdomo wa raba ili hewa iliyobanwa itoke, shafti ikiwa kwenye urefu wake wa kawaida. Ukiacha hatua hii raba itavimba au itanyonywa ndani, kisha ichanike. Usifunge kwa waya wa ujenzi, kwani hukata raba.

Boljointi irudishwe na spliti pini mpya. Nati ya ekseli, ile ya ncha ya shafti katikati ya habu, kama hukuifungua, usiiguse. Kama uliifungua, weka mpya. Kwenye Toyota IST ya kizazi cha kwanza ni soketi ya 30, mkazo nyutoni mita 216, kisha ukingo wake ubonyezwe kwenye mfereji wa shafti. Ikaze mtu akiwa amekanyaga breki, gari ikiwa bado juu, kwa sababu beringi ya habu ikibeba uzito huku nati imelegea inaharibika.

Zungusha tairi kwa mkono, kata usukani kulia na kushoto hadi mwisho, halafu endesha taratibu. Gari ikitetemeka unapoongeza mafuta, rudi kwenye jointi hii. Mlio wa "tak tak" wakati wa kukata kona ni wa jointi ya nje. Baada ya kilomita 50 hivi, chungulia kama kuna grisi iliyorushwa kandokando ya klipu.

Na safari nyingine ukifungua boljointi, funga habu kwa kamba kwenye springi kabla hujaanza kuvuta chochote.