Jinsi ya kuomba ruta ya kampuni ya intaneti ifunguliwe, na yale usiyohitaji kuomba

Ruta aliyokufungia fundi wa kampuni ya intaneti kwa kawaida si mali yako. Katika mikataba mingi ya faiba ya nyumbani, Kenya na Tanzania, kifaa hubaki mali ya kampuni. Wewe umekabidhiwa ukitumie, na siku ukihama unakirudisha. Ndiyo maana kina milango miwili ya kuingilia. Mmoja ni wa mteja, na jina lake na nywila yake vimeandikwa kwenye stika chini ya boksi. Wa pili ni wa kampuni, na huo hupewi. Maombi mengi hukwama kwa sababu mteja anaomba kitu kilicho nyuma ya mlango wake mwenyewe, au anaomba cha mlango wa pili kwa maneno ambayo mtu wa huduma kwa wateja hawezi kuyapeleka popote. "Naomba mnifungulie ruta" si ombi ambalo mhandisi anaweza kulitekeleza.

Anza na boksi lenyewe

Geuza boksi, piga picha ya stika. Unahitaji jina la modeli, SN (namba ya pekee ya boksi), MAC (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao), anwani ya kuingilia na nywila. SN ya boksi la faiba huanza na herufi nne za mtengenezaji: HWTC ni Huawei, ZTEG ni ZTE. Stika nyingine huandika herufi hizo kwa namba, kwa hiyo ukiona SN inaanza na 48575443, hiyo ni HWTC ileile. Itaje kama ilivyo kwenye stika, usiifupishe.

Kisha tazama taa. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, boksi limeshasajiliwa upande wa kampuni. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye boksi: waya umekatika, umekunjwa kona kali au kichwa kimechafuka. Hapo hakuna mpangilio utakaokusaidia. Ripoti ubovu, usijaze fomu ya kitu kingine. Usichomoe kile kichwa cha kijani ili "kupulizia vumbi", na usichungulie ndani yake, kwa maana mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaumiza.

Kuingia kwenye kurasa za ruta, tumia kompyuta yenye waya ukiweza. Huawei nyingi za faiba hufunguka kwa 192.168.100.1, ZTE nyingi kwa 192.168.1.1. Zisipofunguka, kwenye Windows fungua CMD, andika ipconfig, na usome namba ya lango iliyo mwishoni mwa orodha ya muunganisho wako. Ukitumia simu, zima data kwanza, la sivyo simu itaitafuta anwani hiyo kupitia laini yako na ukurasa hautafunguka kamwe. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, hakikisha namba uliyoandika ni ya boksi lako, kisha endelea.

Yaliyo ndani ya uwezo wako

Kabla hujagusa kitu, piga picha kila ukurasa, hasa ule wa WAN (upande wa ruta unaoelekea kwenye kampuni). Akaunti ya mteja mara nyingi hairuhusu kuhifadhi nakala ya mipangilio, kwa hiyo picha hizo ndizo nakala yako.

Badilisha kwanza nywila ya kuingilia kwenye ruta. Hiyo ni tofauti na nywila ya waifai, na watu wengi huichanganya: wanabadilisha ya waifai na kuacha ile ya stika, ambayo kila mgeni aliyewahi kuligeuza boksi anaijua. Nywila ya waifai iwe na herufi 8 hadi 63. Chini ya hapo ruta haikubali. Chagua WPA2 yenye AES. WPA3 ni bora zaidi, ila simu na televisheni za zamani nyingi haziwezi kuunganishwa nayo, na utapoteza jioni nzima ukidhani mtandao umekufa. WPS (kuunganisha kwa kitufe au PIN badala ya nywila) izime.

Waifai ikiwa dhaifu kwenye nyumba ya ghorofa, tatizo mara nyingi ni majirani kuliko kampuni. Kwenye 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11 peke yake, kwa kuwa hizo tatu hazigongani, na upana uwe 20 MHz. Ukiweka 40 MHz unajitanua juu ya majirani nao wanajitanua juu yako, na wote mnapungukiwa. Televisheni na kompyuta zilizo chumba kimoja na ruta zihamie 5 GHz, ambayo ina kasi lakini ukuta wa tofali unaipunguza haraka. Printa na balbu za waifai nyingi hazijui 5 GHz kabisa. Zikikataa kuunganishwa, ipe kila masafa jina lake.

Mambo hayo yote hayahitaji ombi. Wala hayahitaji kile kitundu cha RESET. Ukikibonyeza kwa pini sekunde kumi au zaidi, unaweza kufuta jina na nywila ya PPPoE (njia ambayo ruta huingilia mtandao wa kampuni) ambazo fundi aliziweka, na intaneti ikafa hapohapo. Kwenye mitandao mingine mfumo wa kampuni huzirudisha wenyewe. Kwenye mingine unamsubiri fundi.

Jiulize kama unahitaji unachotaka kuomba

Mambo ya mlango wa pili ni machache: kuliweka boksi katika hali ya briji, yaani lipitishe tu mtandao, ili ruta yako mwenyewe ndiyo iingie mtandaoni, kupata jina na nywila ya PPPoE, namba ya VLAN (inayotenganisha huduma ndani ya waya mmoja), na anwani ya IP ya umma (inayofikika moja kwa moja kutoka nje).

Anwani ya umma ndiyo inayoombwa zaidi bila sababu. Fungua ukurasa wa hali ya WAN, soma anwani ya IP, kisha ilinganishe na ile ambayo tovuti za kuonyesha IP zinakuambia. Zikitofautiana, na ya WAN ikaanza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, kwa sababu anwani za IPv4 zilikuwa zinaisha. Katika hali hiyo, hata ukifungua poti zote (njia za kupokea miunganisho kutoka nje) kwenye ruta hakuna kitakachoingia, wala briji peke yake haitaliponya tatizo hilo.

Lakini anayetaka kuona kamera za nyumbani akiwa safarini hahitaji anwani ya umma. Mashine nyingi za kurekodi kamera zina njia ya kuunganishwa kwa kuskani msimbo wa QR, na hiyo hupita nyuma ya anwani ya pamoja bila poti yoyote kufunguliwa. Ni salama zaidi pia: virusi vya Mirai vilivyosambaa mwaka 2016 viliingia kwenye kamera na ruta zilizoachwa wazi na nywila za kiwandani. VPN ya ofisini (njia ya faragha ya kuingia mtandao wa ofisi) nayo hutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo kwa kawaida inapita. Anwani ya umma aiombe mwenye seva nyumbani, au anayehitaji kuingia kwenye mtandao wa nyumba yake akiwa mbali, na ajue kwamba kampuni nyingi huitoza kila mwezi.

Anayetaka tu ruta yake nzuri isambaze waifai naye huenda hahitaji briji. Chukua waya wa LAN (upande wa vifaa vya nyumbani) kutoka boksi la kampuni, uchomeke kwenye LAN ya ruta yako (si WAN), zima DHCP ya ruta yako (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa), na ipe anwani isiyogongana, mfano 192.168.100.2 kama boksi ni 192.168.100.1. Zima waifai ya boksi. Hakuna barua, hakuna kusubiri, na nyumba nyingi hapo ndipo suala linapoishia.

Ombi lenyewe

1. Aombe mwenye akaunti. Kama intaneti imeandikishwa kwa jina la mwenye nyumba, ombi la mpangaji litakataliwa. Mwenye nyumba aandike, au akuidhinishe kwa maandishi. Uwe tayari na namba ya kitambulisho ukiwa Kenya, au namba ya NIDA ukiwa Tanzania. Akaunti ya biashara iombwe kwa jina la biashara.

2. Peleka kwa barua pepe au kwenye programu ya kampuni, kisha piga simu kuchukua namba ya tiketi. Ombi la simu peke yake halina ushahidi, na kila ukipiga utaanza upya na mtu mwingine.

3. Andika hivi:

"Kichwa: Ombi la hali ya briji, akaunti namba ____.
Habari za kazi. Mimi ni mwenye akaunti namba ____, huduma ya faiba, eneo la ____. Naomba boksi lenye SN ____ liwekwe katika hali ya briji kwenye poti ya LAN1, ili ruta yangu yenye MAC ____ ndiyo iingie mtandaoni. Naomba nitumiwe jina na nywila ya PPPoE, pamoja na namba ya VLAN kama itahitajika kwenye ruta yangu, na nielezwe kama akaunti imefungwa kwa MAC. Simu ya mezani na televisheni ya kampuni situmii. Naelewa kwamba waifai ya boksi haitafanya kazi, na kwamba ruta yangu haitahudumiwa na mafundi wenu. Nipo nyumbani siku ya ____, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Ahsanteni."

Sentensi ya simu na televisheni usiifute hata kama unaona haikuhusu. Huduma hizo mara nyingi hukaa kwenye boksi lenyewe, na mhandisi asiyejua kama unazitumia atalirudisha ombi kwako kuuliza. Kama unazitumia, sema zibaki. Ile ya "naelewa" ndiyo inayolegeza mkono wa kampuni, maana hofu yao kubwa ni mteja atakayepiga simu kulalamikia waifai ya ruta wasiyoijua.

4. Wakijibu, hesabu kama umepata kila ulichoomba. Jibu la "tayari tumeweka briji" bila nywila ya PPPoE linakuacha bila intaneti, na sasa hata boksi lenyewe halifanyi kazi iliyokuwa inafanya.

Ruta ya kununua iwe imeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, yaani TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya. Vifaa vya redio hupitia idhini hiyo.

Siku ya kubadili

Kama umeme wako ni wa kulipia kabla, angalia uniti kwanza. Boksi likizimika katikati ya kusasishwa programu yake linaweza lisiwake tena.

Chomeka waya kutoka LAN1 ya boksi hadi WAN ya ruta yako, chagua PPPoE, weka jina na nywila, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya data) iwe 1492. Ikikataa kwa madai kwamba jina au nywila si sahihi na una hakika umeandika sawasawa, huenda kikao cha zamani, yaani muunganisho wa awali, bado kiko hai upande wa kampuni. Akaunti nyingi huruhusu kikao kimoja tu. Zima boksi dakika kumi, washa tena. Ikiwa ruta haipati jibu lolote, hata la kukataliwa, shuku VLAN au poti: huenda briji imewekwa LAN2. Ikiunganishwa halafu baadhi ya tovuti zikafunguka na nyingine zikaganda nusu njia, rudi kwenye MTU, kwa kuwa PPPoE hula baiti 8 katika kila pakiti ya 1500. Na akaunti ikiwa imefungwa kwa MAC, kampuni ibadilishe MAC kwao, au wewe unakili ya zamani kwenye ruta yako.

Kuna usumbufu mmoja unaowachanganya hata wazoefu: unabadilisha kitu, kinafanya kazi, kesho yake kimerudi kama zamani. Hapo mfumo wa kampuni wa kusimamia ruta kwa mbali, TR-069, umeandika upya mipangilio. Omba kwenye tiketi ileile mabadiliko yako yaingizwe kwenye wasifu wa akaunti yako. Usitafute nywila za mlango wa kampuni zinazozagaa mtandaoni. Kuzitumia kunaweza kuvunja mkataba, na kampuni ina sababu ya kuufunga mlango huo: Novemba 2016 shambulio lililolenga poti ya usimamizi wa mbali liliwaacha wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani bila huduma ya uhakika.

Wasipojibu

Andika tena, taja namba ya tiketi na tarehe ya ombi la kwanza, na uelekeze kwenye dawati la malalamiko. Wakinyamaza bado, Kenya unapeleka kwa CA, Tanzania kwa TCRA. Wote watataka kuona kwamba ulianza na kampuni, ndiyo faida ya kuwa na tiketi. Lalamikia kutojibiwa, kasi isiyofika au malipo yasiyo sahihi. Ukilalamika kwamba umenyimwa briji ambayo mkataba haukuahidi, usitarajie mengi.

Unapohama, siku ya kurudisha kifaa ndiyo pekee ambayo kitundu cha RESET ni rafiki yako: kibonyeze majina na nywila zako zifutike, rudisha boksi pamoja na adapta yake ya umeme, na udai risiti iliyoandikwa SN ileile uliyopiga picha.