Kurudi Mbeya kujifungua: mapigo ya moyo wa mtoto na uzazi wa kawaida

Mjamzito anayetoka ughaibuni kuja kujifungulia Mbeya au Iringa huwa na hofu mbili: kufungwa mikanda ya mashine tumboni na kulazwa chali, au kukosa kabisa mtu wa kumsikiliza mtoto. Kama mimba haina tatizo, ya pili ndiyo ya kuipangia.

Mashine ya CTG, inayorekodi mapigo ya moyo wa mtoto mfululizo, hupunguza degedege kwa wachanga. Lakini kwa mama asiye na hatari huongeza upasuaji, bila kupunguza vifo wala mtindio wa ubongo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa mama kama huyo asikilizwe kwa vipindi, kwa dopla ya mkononi (kifaa kidogo kinachotoa sauti ya mapigo) au kile kipembe cha mbao cha wakunga. Katikati ya vipindi unatembea, unachuchumaa, unaoga.

Kusikiliza kwa vipindi si kugusisha dopla tumboni na kusema "yupo". Mkunga anapapasa kutafuta mgongo wa mtoto, anashika kifundo cha mkono wako kupima mapigo yako ili asiyachanganye na ya mtoto, kisha anasikiliza mara uchungu unapoachia, kwa dakika 1 nzima. Uchungu ukibana, damu inayopita kwenye kondo hupungua. Moyo unaochelewa kurudi kwenye kasi yake hujulikana hapo, si dakika 10 baadaye. Kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Njia ikifika sentimita 5, asikilizwe kila dakika 30. Ukianza kusukuma, kila dakika 5. (Uingereza, kabla ya kusukuma ni kila dakika 15.)

Mambo huharibika wodi inapojaa. Mkunga mmoja ana wazazi kadhaa, na nusu saa inageuka saa mbili bila mtu kukusudia. Kwa hiyo uliza mapema kama hospitali inaruhusu ndugu kukaa nawe. Ikiruhusu, mama au dada yako awe na saa na daftari, aandike muda na namba anayotajiwa. Muda ukipita: "Samahani sista, naomba umsikilize mtoto tena, nusu saa imeshapita." Kwa adabu hiyo atasikilizwa.

Una kovu la upasuaji, mapacha au presha? Maji yametoka ya kijani, kuna damu au homa, au umewekewa dripu ya uchungu? Hapo kufuatiliwa kwa mashine ni haki ya mtoto, usikukatae. Omba tu ukae kwenye kiti au ulalie ubavu, kwa sababu mikanda haikulazimishi kulala chali. Na chagua hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu usiku na mchana, kama kitengo cha wazazi cha Meta cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kama kwenu ni milimani Makete au Ileje, hamia mjini kuanzia wiki ya 38. Mvua haisubiri uchungu.

Kabla ya safari omba nakala ya kumbukumbu za kliniki pamoja na kundi la damu. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari baada ya wiki ya 28 na hayapakii baada ya wiki ya 36. Juni na Julai beba kofia, soksi na blanketi nzito za mtoto. Baridi ya Mbeya si ya mchezo.

Dopla ya kununua mtandaoni iache. Mama husikia mishipa yake mwenyewe, anatulia, kumbe mtoto amepunguza kucheza. Akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

La mwisho ni gumu kwa sababu linatoka kwa wanaokupenda: mitishamba ya kuharakisha uchungu. Hubana mfuko wa uzazi kupita kiasi, mtoto anakosa hewa, na kwa mwenye kovu mfuko unaweza kupasuka. Ikiwa umeshakunywa, mwambie mkunga kabla hajakuwekea dripu. Hatakiwi kukugombeza, na hata akikugombeza, mwambie.