Somo: Ukungu kwa minji, jua kwanza ni upi kabla hujanunua dawa

Wakulima wenzangu wa Njoro, Molo, Kuresoi mpaka Mau Narok, naandika hii juu inaniuma kuona mtu anapoteza minji na dawa amepiga. Mimi mwenyewe msimu mmoja nilipiga salfa, dawa ya ukungu mweupe, mara tatu kwa robo eka na minji ikaendelea tu kukauka kutoka chini, kumbe nilikuwa natibu ugonjwa ambao haukuwa pale.

Hatua ya kwanza ni kuinama. Usiangalie shamba ukiwa umesimama njiani, inua majani ya chini kabisa. Ukiona kama mtu amemwaga unga wa ngano juu ya jani, na ukisugua na kidole unatoka, huo ni ukungu mweupe. Ukiona madoa ya zambarau ama kahawia na shina limekuwa jeusi karibu na udongo, hiyo ni bilaiti ya minji, wataalamu wanaiita askokaita. Lakini kama mmea umegeuka manjano, umenyauka, na ukiung'oa mizizi imeoza, shida iko kwa udongo, dawa ya majani haitakusaidia.

Pili angalia hali ya anga. Ukungu mweupe haungoji mvua, unapenda mchana mkavu na usiku wa baridi wenye umande, ndio maana unakuja mvua ikiisha na minji inabeba. Bilaiti sasa ni ya mvua, tone likigonga jani gonjwa linarusha ugonjwa kwa jirani yake.

Tatu dawa. Ya mweupe ni salfa, anza ukiona alama za kwanza, piga asubuhi ama jioni juu jua likiwa kali salfa inachoma majani. Ya bilaiti ni mankozebu, na hiyo ni kinga, lazima iwe kwa jani kabla ugonjwa haujaingia. Jani likishaharibika halirudi. Kipimo na siku za kungoja kabla ya kuchuma zisome kwa lebo, tafadhali, hiyo minji inaliwa na watoto wa watu.

Kazi kubwa hata si pampu. Panda kwa nafasi, weka vijiti na kamba za kushikilia minji upepo upite, ukimaliza kuvuna toa mabaki yote, halafu hapo usirudishe minji kwa miaka 3 ama 4. Weka mahindi, viazi ama ngano.

MASWALI

Swali (Molo): Nimebakisha mbegu, shamba lilikuwa na yale madoa lakini mbegu ni safi. Nipande?
Jibu: Usipande dada yangu. Bilaiti inajificha ndani ya mbegu na macho hayaioni. Nunua iliyothibitishwa.

Swali (Bahati): Huku inanyesha kila jioni, si dawa inaoshwa?
Jibu: Piga asubuhi umande ukikauka, ipate masaa kadhaa ya kushika kabla mvua ije. Na usizidishe kipimo ukidhani ndio itashika zaidi, haitashika.

Swali (Ahero): Mimi yangu haina unga wala madoa, maua yanaanguka tu. Ni ukungu?
Jibu: Hapana kaka, hilo ni joto. Minji ni ya baridi, na huko kwenu Kano jua ni kali. Hapo weka kunde ama ndengu.